Tangu Nyumba Zigeuke Kutazama Barabara

Ukitaja mwezi wa Agosti kwa mtu aliyekulia Usukumani miaka ya 1960 na 1970, kitu cha kwanza kumjia huenda kikawa harufu ya nyasi kavu. Mtama ulikuwa umekwisha kuingia kwenye vihenge, pamba ilikuwa imeuzwa au inasubiri kupimwa kwenye ghala la chama cha ushirika, na hapo ndipo vijana waliposhuka mbugani na mundu kukata nyasi za kuezekea, wakazifunga mizigo mikubwa, wakazibeba kichwani kwa mstari mrefu hadi kwenye kaya ambayo zamu yake imefika, huku nsumba ntale, kiongozi wa vijana, akiwahimiza kwa wimbo, na akina mama wakisonga ugali na kuchuja pombe ya mtama kwa ajili ya watu ambao hakuna aliyewalipa hata senti moja. Baada ya siku chache nyumba ilikuwa na paa jipya, na harufu ile ilikaa kijijini mpaka mvua za Novemba zilipoiosha.

Leo paa linanunuliwa dukani. Linafika kwa kirikuu, na anayelipandisha ni fundi na kijana wake. Jirani anasikia nyundo tu.

Sisemi haya kwa kulalamika. Nataka kukumbuka vizuri, kwa sababu naona mikoa yetu ya Shinyanga na Geita inajenga kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana, na naona pia kwamba nyumba nyingi mpya zinamchosha anayelala ndani yake. Nyumba ya babu zetu ilijengwa kwanza kwa ajili ya jua na mvua. Ya leo inajengwa kwanza kwa ajili ya anayepita barabarani. Badiliko hilo lilitujia kidogo kidogo, kila hatua ikiwa na sababu yake, na ndiyo maana hatukulitilia shaka.

Msonge wa Kisukuma, ile nyumba ya mviringo, ulianza na kuchagua mahali. Wazee waliijua ardhi yao kwa majina: juu, karibu na miamba, palikuwa na luseni, udongo wa kichanga, katikati itogolo, udongo mgumu unaotuamisha maji, na chini kabisa mbuga, udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi hadi mguu wa mtoto unaweza kuzama kwenye ufa. Babu, aliyekuwa na kaya yake upande wa Kishapu, alikuwa akichukua udongo kiganjani, akautemea mate, akaufinyanga kwa vidole, akautazama ukikauka, ndipo akasema hapa panafaa au hapafai, na akisema hapafai hakuna aliyebishana naye hata kama mahali penyewe palikuwa karibu na kisima. Mbuga iliachiwa mpunga na malisho. Nyumba ilikaa juu, penye udongo uliotulia.

Siku hizi viwanja vinapimwa hata mbugani. Kuta zinapiga nyufa kabla rangi haijapauka.

Baada ya mahali kupatikana, nguzo za miti migumu zilichimbiwa kwa duara, fito zikafungwa kwa kamba za magome, na udongo wa kichuguu ukakanyagwa kwa miguu pamoja na maji na nyasi zilizokatwakatwa, watoto tukiwa tumepewa ruhusa adimu ya kuchafuka mpaka magotini, hadi ulipolainika na kuwa tayari kukandikwa ndani na nje. Akina mama ndio waliomalizia: walisiriba ukuta na sakafu kwa udongo laini uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, mikono ikienda kwa nusu duara, na ukuta ukikauka ulibaki na alama za viganja vyao. Duara nalo lilikuwa na hesabu yake. Ukuta wenye mzunguko wa mita 20 unazungushia eneo la karibu mita za mraba 32, lakini ukuta wa urefu huohuo ukijengwa mraba unazungushia mita za mraba 25 tu. Wajenzi wa msonge hawakuandika hesabu hiyo popote, ila fito zilezile ziliwapa nafasi kubwa zaidi.

Juu ya yote hayo lilikaa paa, na pembeni mwa paa upenu. Upenu wa msonge ulishuka mpaka mtu mzima alilazimika kuinama ili aingie, na chini yake kulikuwa na dunia nzima: mtungi wa maji uliofunikwa kwa kata, jembe, kuku waliokimbia kipanga, mgeni aliyeletewa kigoda, na bibi aliyekuwa akichambua choroko huku akizungusha kiti chake kufuata kivuli, asubuhi upande wa magharibi, jioni upande wa mashariki. Mvua ilipopiga haikuugusa ukuta wa udongo. Jua la saa nane lilipokuwa kali, ndani kulikuwa na giza na ubaridi, na ulipoingia kutoka shambani ulihisi mwili unashuka joto kabla hata hujaomba maji.

Ubaridi ule una maelezo. Shinyanga ipo takriban nyuzi tatu na nusu kusini ya Ikweta, kwa hiyo jua la mchana linapita karibu na utosi mwaka mzima, na sehemu ya nyumba inayobeba mzigo mkubwa wa joto ni paa. Nyasi nene zina hewa nyingi iliyonaswa katikati yake, na hewa iliyonaswa haipitishi joto upesi. Ukuta wa udongo nao huchukua saa kadhaa kupata moto, na hadi joto lilifike upande wa ndani, jua limekwisha kuzama na usiku umeanza kupoa. Bati la rangi iliyokoza, kwenye jua la mchana, linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na unene wake haufiki hata milimita moja. Joto hilo halina pa kukaa. Linashuka kwa aliyelala.

Lakini nyumba haikuwa msonge peke yake. Tulisema kaya, na kaya ilikuwa na ua wa minyaa uliozuia upepo wenye vumbi na kuwazuia fisi, minyaa ambayo utomvu wake mweupe tuliogopeshwa nao tangu tukiwa wadogo kwamba unapofusha macho. Ilikuwa na zizi katikati, na vihenge vilivyoinuliwa juu ya mawe ili mchwa na unyevu visifike kwenye mtama. Ilikuwa na shikome, mahali pa moto wa jioni, ambapo wazee waliota moto na vijana wakafundishwa mambo ya ukoo na ya ng'ombe. Nje ya hapo kulikuwa na ngitili, malisho yaliyofungwa tangu mvua zinaanza ili yawape ndama na ng'ombe wazee chakula kiangazi kikikaza. Ngitili hiyohiyo ndiyo iliyotoa fito na nyasi za paa. Mtu aliyetaka nyumba kesho alilazimika kutunza ngitili leo.

Hapo sasa lazima niseme na upande wa pili, maana anayekumbuka kivuli peke yake anawadhulumu wanawake waliokaa ndani ya moshi. Msonge haukuwa na dirisha la maana. Moto ulikuwa katikati au pembeni, na moshi uliofukuza wadudu na kulinda nyasi za paa zisioze ndio huohuo uliokaa kwenye mapafu ya akina mama na ya watoto waliobebwa mgongoni. Kuni zilipoadimika Shinyanga, watu walipikia mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, na moshi wake ni mkali zaidi. Bibi zetu walizeeka na macho mekundu. Katika mikoa hii macho mekundu ya mwanamke mzee yamechukuliwa kuwa alama ya uchawi, na wapo vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya wekundu uliotokana na jiko. Hakuna uzuri wa upenu unaofuta jambo hilo.

Yalikuwapo na mengine. Papasi walijificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, wakatoka usiku, na homa waliyoiacha ilirudi na kurudi mpaka mgonjwa akakonda. Cheche moja kutoka jikoni ilitosha kumaliza nyumba yote kabla majirani hawajafika na vibuyu vya maji. Mchwa walikula nguzo. Kila baada ya miaka michache paa lilidai nyasi mpya, na kila mwaka ukuta ulidai mikono ya akina mama, wakati akina mama walewale walikuwa na shamba, kisima na mtoto. Mtu aliyeweka bati la kwanza kijijini hakuwa anaringa tu. Alikuwa anampumzisha mkewe.

Bati lenyewe lililetwa na pamba. Kuanzia miaka ya 1950, wakulima walipojiunga katika shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu, fedha za pamba ziligeuka kuwa baiskeli, cherehani, redio ya mbao na, kwa waliobahatika, bati jeupe lililong'aa hadi likaonekana kutoka kilima cha pili. Na pamba hiyohiyo ilikula miti. Kabla yake, tangu miaka ya 1920, maelfu ya watu walikuwa wameitwa kufyeka misitu ili kumfukuza mbung'o, katika kampeni zilizohusiana na kituo cha utafiti alichokiongoza Charles Swynnerton hapahapa Shinyanga. Mbung'o walipungua, ng'ombe wakaongezeka, mashamba yakapanuka, na fito zikaanza kutafutwa mbali. Kila hatua ilikuwa na faida yake. Zote kwa pamoja zilitunyang'anya nguzo.

Kisha ukaja mwaka 1974. Novemba ya mwaka uliotangulia, Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kufikia mwisho wa mwaka 1976. Usukumani, ambako kila kaya ilikaa peke yake juu ya luseni yake, imetenganishwa na jirani kwa mashamba na minyaa, malori yalipakia vyungu, mbuzi, vihenge vilivyovunjwa na wazee waliokaa juu ya magodoro ya nyasi, yakawashusha kando ya barabara ambako vigingi vilikuwa vimepigwa kwa mistari iliyonyooka. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na ninachokumbuka kuliko vyote ni jinsi nyumba zote mpya zilivyotazama upande mmoja. Hakuna aliyeuliza upepo unatoka wapi. Hakuna aliyefinyanga udongo kwa vidole. Mlango ulielekea barabarani kwa sababu kigingi kilisema hivyo, na jua la jioni lilipoingia mpaka kitandani, tuliambiwa tutazoea.

Nasi tulizoea. Shule ilikuwa karibu, zahanati ilikuwa karibu, bomba lilikuwa karibu kuliko kisima cha zamani, na mimi mwenyewe nisingesoma bila kijiji kile. Lakini watoto waliozaliwa pale walijua kwamba nyumba ni kitu kinachopangwa kwa mstari. Ngitili za zamani zilibaki bila wenyewe, zikalishwa na kukatwa. Mwaka 1984 Mwalimu alishtushwa na hali ya Shinyanga, nchi iliyokuwa inageuka jangwa, na mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wote tuliuita HASHI. Jambo la busara lililofanywa na HASHI ni kwamba walikwenda kwa wazee kuuliza walikuwa wakifanyaje. Ngitili zikafungwa tena, na ndani ya miaka isiyofika 20 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa na miti na nyasi, kazi iliyopewa tuzo ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Tulirudisha malisho kwa kuwasikiliza wazee. Nyumba hatukuirudia.

Wakati ngitili zinarudi, dhahabu nayo ilikuwa inaita. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009, na pembeni mwake, Nyarugusu, Mgusu, Rwamagasa na kwingineko, wachimbaji wadogo walichimba maduara yao, yaani mashimo ya dhahabu, wakasaga mawe kwenye makarasha, wakachenjua kwa zebaki. Penye mfumuko wa dhahabu nyumba ya kwanza ni turubai na fito nne. Watu wanalala humo miezi, joto la mchana likiwa limefungiwa ndani, wengine wakichomea zebaki palepale wanapopikia, na mvuke wake unaingia kwa mtoto bila kunuka. Turubai ndiyo nyumba mbaya kuliko zote nilizowahi kuingia. Kila aliyelala humo ana ndoto ya ukuta, na akipata gramu zake anaukimbilia.

Ndiyo maana Katoro, Kahama, Geita mjini na Masumbwe zinajengeka usiku na mchana. Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ya mwaka 2022 watu wa mkoa wa Geita waliongezeka kutoka milioni 1.7 hadi karibu milioni 3. Masoko ya madini yalipofunguliwa kuanzia mwaka 2019, fedha nyingi zaidi zilibaki hapahapa, na unaziona zimesimama kando ya lami: kuta za bloku, madirisha makubwa ya aluminiamu, vigae mpaka barazani, na paa la kuficha, lile linalozungukwa na ukuta mfupi juu ili bati lisionekane.

Mpwa wangu ana nyumba ya namna hiyo Katoro, aliyoijenga kwa fedha ya duara. Siku aliyonitembeza ndani nilifurahi kwa dhati, maana nilimjua akiwa kwenye turubai. Kila chumba kina taa. Mama yake, dada yangu, anapikia gesi na macho yake ni meupe. Baada ya chai nikamuuliza kuhusu paa.

"Mjomba, upenu mrefu ni nyumba ya wazee," akaniambia kwa heshima zote. "Huku mtu anatazama mbele ya nyumba. Bati likionekana wanasema fedha iliisha."

"Na mvua ikipiga ukuta?"

"Tunapaka rangi tena."

"Na joto?"

Akacheka, akaonyesha feni. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Tulikaa nje, nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha nyasi alichokuwa amewajengea wageni wake, na familia yote ilikuwa imekwisha hamia huko kabla yetu.

Vibanda hivyo nimeviona kila mahali tangu siku hiyo. Kwenye baa za Kahama, kwenye hoteli za Mwanza, kwenye kumbi za harusi, mahali ambapo mtu analipa ili apumzike pana paa la nyasi la mviringo lenye upenu mrefu. Msonge umehifadhiwa Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, na Dar es Salaam kwenye Kijiji cha Makumbusho. Tunaulipia kiingilio na tunaulipia soda. Nyumbani tumeufukuza.

Kuurudisha kama ulivyokuwa hakuwezekani, na nisingependa ijaribiwe. Miti iliyobaki Geita inadaiwa na maduara, ambayo kila mita ya kwenda chini inahitaji matimba ya kuzuia kifusi kisiwaangukie wachimbaji. Mkaa unadai yake, tanuru za matofali ya kuchoma zinadai yake. Watu zaidi ya milioni 5 wa mikoa hii miwili wakitaka nguzo, fito na nyasi kama babu zao, tutamaliza ngitili zote tulizozirudisha. Kilichokuwa rafiki wa ardhi wakati kaya zilikuwa chache kingekuwa adui yake sasa. Kinachowezekana ni kuchukua akili iliyokuwa ndani ya msonge na kuijenga kwa vifaa vya leo.

Akili ya kwanza ni paa linalopumua. Huko Gando, Burkina Faso, nchi yenye jua kali kuliko letu, msanifu Francis Kéré alijenga shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001: kuta za matofali ya udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo, dari la matofali yaleyale, na bati lililoinuliwa juu ya dari hilo kwa vyuma vyembamba, likatoka nje ya ukuta kwa upenu mpana. Upepo unapita kati ya bati na dari na kuondoka na joto kabla halijawashukia watoto. Mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika usanifu wa majengo. Bati lile ni bati letu. Tofauti ni nafasi iliyoachwa chini yake, na kwamba aliacha ukuta ukae kivulini. Hapa kwetu fundi yeyote anayejua kupiga kenchi anaweza kuacha matundu ya hewa yenye wavu pande mbili za paa, na kurefusha kenchi kwa mita moja.

Akili ya pili ni ukuta. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo na saruji kidogo, yakakaushwa bila kuchomwa. Yanaingiliana, kwa hiyo chokaa na saruji ya kuungia hupungua sana, na hayali gogo hata moja. Saruji ni ya kuheshimiwa, nayo inastahili kwenye msingi, lenta na sakafu, ambako imemfukuza papasi. Lakini viwanda vya saruji vinatoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani, na mfuko unaofika Geita kutoka pwani umelipiwa nauli ndefu. Udongo upo pale unapochimba msingi. Anayejenga pembeni ya machimbo awe mwangalifu tu asichukue marudio, kile kifusi kilichokwisha kuchenjuliwa, maana zebaki haiishi kwa kukauka.

Akili ya tatu inahitaji kusahihishwa kidogo. Upenu wa zamani ulikuwa na uwazi kati ya ukuta na paa, na uwazi huo ulipitisha hewa njema na mbu wa malaria kwa pamoja. Nyumba za leo zimeziba, mbu wamepungua, joto limeongezeka. Mkoani Mtwara watafiti walijenga nyumba 110 za majaribio zenye kuta za wavu unaopitisha upepo, vyumba vya kulala vikiwa juu, jiko lisilojaza moshi na maji ya mvua yaliyokingwa, ili waone afya ya watoto inakuwaje. Wavu ndio ambao bibi hakuwa nao. Angekuwa nao, asingelazimika kuchagua kati ya hewa na mbu, na sisi hatulazimiki.

Katika jambo moja bati limeushinda msonge waziwazi, nalo ni maji. Nyasi ziliyamwaga chini. Bati la mita za mraba 60, mahali panaponyesha milimita 700 kwa mwaka, linapokea lita 42,000, na hata zikipotea za kutosha, zinazobaki ni nyingi kwa familia iliyoweka gata na simtanki. Maji ya Ziwa Viktoria yalifika Shinyanga na Kahama kutoka Ihelele mwishoni mwa miaka ya 2000, na tunayashukuru, lakini si kila kitongoji kina bomba. Nakumbuka akina mama wakiamka usiku wa manane kwenda kuchota maji ya matope kwenye mashimo ya mtoni. Siitamani kabisa safari ile. Inaniuma tu kuona nyumba yenye paa pana likimwaga masika yote barabarani, kwa sababu gata lingeharibu sura ya mbele.

Na ua. Ukuta wa bloku umechukua nafasi ya minyaa, na mwizi kweli anazuiwa vizuri zaidi. Mchana ukuta huo unahifadhi joto na kulirudisha uani usiku. Mwarobaini mmoja upande wa magharibi wa nyumba ungefanya kazi ambayo feni mbili haziwezi, bila bili. Pande za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa na jua la kuinamia, na ukuta mrefu wa nyumba ukielekezwa kaskazini na kusini, chumba kinapumzika. Kwenye kiwanja cha kupimwa si rahisi kuugeuza msingi, najua. Lakini dirisha kubwa linaweza kuhamishwa, na mti unaweza kupandwa kabla ya msingi.

Mpwa wangu anajenga tena mwaka huu, vyumba vya kupangisha, palepale Katoro. Safari hii paa linaonekana, upenu unatoka karibu mita moja kila upande, na chini yake wapangaji wamekwisha weka ndoo, viti na majiko yao kabla hata lipu ya nje haijakamilika. Gata limewekwa. Minyaa aliikataa, akajenga ukuta wa bloku. Sikumbishia. Sababu aliyonipa kuhusu upenu ni ya biashara: chumba chenye joto hakikai na mpangaji. Naipokea kwa mikono miwili. Babu hakuweka upenu kwa ajili ya utamaduni. Aliuweka kwa sababu jua lilikuwa kali na mvua ilikuwa inabomoa ukuta wake, na majirani waliiga walipoona umefaa. Bati nalo lilienea hivyohivyo, kwa kuigana. Sasa wapo wenye nyumba kwenye mtaa ule wanaokuja kupima upenu wa mpwa wangu kwa futi, nami nikiulizwa na mtu yeyote anayeanza msingi Geita au Shinyanga, jibu langu ni kwamba akapime na yeye.